Safari ya peke yako Ulaya: dereva asiye na utingo

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanamke, mwalimu wa sekondari Moshi, nina miaka 34, na nimeendesha gari miaka kumi na miwili sasa. Likizo ya Juni nitakuwa wiki tatu kwa dada yangu Munich. Natamani nikodi gari nizunguke peke yangu kwa siku 12: Ujerumani, Ufaransa, Hispania hadi Barcelona, Italia, Slovenia, Kroatia mpaka Dubrovnik, kisha nipite Austria nirudi. Dada yuko kazini, hawezi kufuatana nami. Kaka yetu anasema ni wazimu, anauliza tairi likipasuka huko milimani nani atanisaidia. Je, inawezekana? Na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Inawezekana, ila si kwa mpango huu ulioniandikia.

Nimeipima njia yako kwenye ramani. Munich hadi Barcelona, urudi Italia, ushuke Dubrovnik, upande tena Munich: ni zaidi ya kilomita 4,000. Gawanya kwa siku 12, unapata kilomita 350 kila siku ya Mungu, bila hata siku moja ya kukaa mahali ukatembea kwa miguu. Madereva wawili wanaopokezana usukani wataimudu. Wewe peke yako utarudi Moshi ukikumbuka lami na vituo vya mafuta.

Mimi barabara nilianza nikiwa utingo wa lori la Dar hadi Tunduma, kabla sijawa dereva wa basi dogo la watalii hapa Munich, kazi ninayoifanya mwaka wa kumi na sita sasa. Wewe unaijua kazi ya utingo kwa kuiona tu, kwa hiyo nikueleze. Dereva anashika usukani. Mengine yote ni ya utingo: anajua karatasi gani inatakiwa mizani, amehesabu hela ya njiani, ameuliza mbele kuna nini, amegonga tairi moja moja kabla gari halijaondoka, na usiku anampigia dereva hadithi asisinzie. Msafiri wa peke yake hana mtu huyo. Wengi wanaoharibikiwa huku hawaharibikiwi kwa sababu hawajui kuendesha. Wanaharibikiwa kwa sababu wanafanya kazi ya utingo huku gari linakwenda: anasoma kibao cha Kijerumani, anatafuta hoteli kwenye simu, anawaza kama ile stika ya barabara ameinunua au la, na yuko kilomita 120 kwa saa. Ushauri wangu wote kwako umesimama hapo. Kuwa utingo jioni, mezani, na daftari lako kama unavyoandaa somo. Asubuhi uwe dereva tu.

Sasa njia. Nakukatia Ufaransa, Hispania na Kroatia, nakuachia nchi nne. Munich unakwenda Salzburg, unalala usiku mmoja. Salzburg hadi ziwa Bled, Slovenia, usiku mbili. Unavuka mlima wa Vršič kushukia bonde la mto Soča, unalala Bovec usiku mbili. Kisha Trieste usiku mmoja, Mestre usiku mmoja kwa ajili ya Venice, Verona mmoja, halafu unapanda njia ya mlima wa Brenner kurudi Austria, unalala Innsbruck, kesho yake uko kwa dada yako unakula ugali. Ni siku 10 na kama kilomita 1,250. Siku nyingi utakuwa barabarani saa mbili mpaka tatu, na siku ndefu kuliko zote haizidi saa nne ukiondoa foleni. Gari dogo linalokula lita sita na nusu kwa kilomita 100 litakunywa lita 81 hivi; lita ikiwa euro 1.80, hiyo ni kama euro 146 za mafuta kwa safari nzima.

Dubrovnik nimeiondoa kwa umbali, lakini kuna jambo lingine ambalo nataka ulijue hata kama utaipanga mwaka mwingine. Viza yako ya Schengen inafanya kazi katika nchi 29, na Kroatia imo tangu Januari 2023. Bosnia haimo. Na pwani ya Kroatia imekatwa kipande na Bosnia pale Neum, kilomita kama ishirini tu. Mwenye viza ya kuingia mara moja akipita pale ametoka Schengen, na hana ruhusa ya kurudi. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac linalokuwezesha kupita bila kuingia Bosnia, lakini ramani ya kwenye simu ikiona njia ya Neum ni fupi itakupeleka huko bila kukuuliza viza yako ni ya namna gani. Ndiyo maana nakwambia hata ukiwa na simu nzuri, njia isome mwenyewe usiku.

Kwa viza, omba ubalozi wa Ujerumani, kwa kuwa huko ndiko utakakokaa siku nyingi kuliko kwingine. Katika siku 21 utakuwa Munich 11, Slovenia nne. Ada ni euro 90, bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usisubiri Mei. Safari ya gari iandike kama ilivyo, na hoteli zako zote. Nimeona watu wanaficha nchi nyingine wakidhani wanarahisisha mambo, halafu wanaulizwa kituo cha mpakani wanabaki kutafuna maneno.

Leseni ya kimataifa ichukue nyumbani kwenye chama cha magari kabla hujapanda ndege. Munich hutapewa ukiwa mgeni. Hiyo ni tafsiri tu ya leseni yako, kwa hiyo ukikamatwa na moja bila nyingine ni sawa na huna kitu. Italia na Austria wanaitaka.

Kukodi gari kuna mtego mmoja unaowanasa Watanzania wengi: kadi. Kampuni inataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na inazuia amana humo, mara nyingi mamia ya euro, wakati mwingine zaidi ya elfu. Kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata hela zako mwenyewe, kampuni nyingi zinaikataa kaunta hata kama umeshalipia gari kwenye intaneti. Nilimsindikiza mgeni mmoja kutoka Arusha, mzee wa watu, amelipia kila kitu miezi miwili nyuma, akaambiwa hapo kaunta kadi yake haifai na hela harudishiwi. Kadi ya dada yako haitasaidia pia kama yeye si dereva. Kwa hiyo andika barua pepe kabla ya kulipa, uliza mambo manne: kadi yangu hii inakubalika? Leseni ya Tanzania pamoja na ile ya kimataifa inatosha? Naruhusiwa kuvuka Austria, Slovenia na Italia? Bima ikilipa, mimi nabaki kudaiwa kiasi gani? Majibu yao yachapishe uyaweke kwenye gari. Chukua gari dogo la otomatiki, na ulirudishe Munich hapohapo, kwa kuwa kuliacha nchi nyingine hutozwa ada kubwa sana.

Haya, umekabidhiwa ufunguo. Kabla ya kuondoka lipige picha pande zote, rimu moja moja, na kioo cha mbele. Kisha kaa ndani dakika kumi bila kuwasha, maana hapa ndipo penye kazi.

Usukani uko kushoto, na unaendesha kulia. Watu wanaogopa hilo la pili, lakini kitu cha kwanza kitakachokusumbua ni kijiti cha indiketa. Kwenye Toyota yako ya Japani indiketa iko mkono wa kulia na wipa kushoto. Gari la Ulaya limegeuza. Utataka kukata kona, utawasha wipa kwenye kioo kikavu, na kelele ile itakushtua katikati ya makutano. Kwa hiyo kabla hujatoka maegesho, sogeza mkono wa kushoto mara ishirini: juu kulia, chini kushoto. Unacheka? Wageni wangu wote nawafanyisha, na siku ya pili wananishukuru.

La pili ni mwili wako. Umezoea kukaa ukingo wa kulia wa gari, kwa hiyo ukikaa kushoto utavutwa kulia bila kujua, mpaka vioo vya magari yaliyoegeshwa vinakukwaruza. Shika kanuni hii, inafanya kazi Moshi na inafanya kazi Munich: dereva hukaa upande wa katikati ya barabara. Mstari wa katikati ukiwa karibu na bega lako, uko sawa. Ukiona bega lako liko upande wa majani, umeingia njia ya watu.

Na hatari yenyewe haiko kwenye foleni ya mjini. Kwenye foleni unafuata wenzako. Hatari iko asubuhi na mapema, umetoka hotelini au kituo cha mafuta, barabara tupu, hakuna gari la kukukumbusha. Mwaka wangu wa pili huku nilitoka kijiji kimoja alfajiri, nikakata kushoto, nikaenda kama mita mia mbili upande wa nyumbani kabisa, roho imetulia, hadi nilipoona taa za lori la maziwa mbele yangu. Dereva wake alikwisha kupunguza mwendo. Alinipisha, akanyoosha kidole upande wangu wa kweli. Tangu siku hiyo, kila nikiwasha gari asubuhi nasema kwa sauti, "Kulia." Wewe bandika karatasi kwenye dashibodi. Kwenye kipilefti, jina lenyewe la nyumbani litakudanganya: huku unaingia kulia, unazunguka kinyume cha saa, na unaowapisha wanatoka kushoto kwako. Na kwenye mitaa ya makazi isiyo na alama yoyote, Wajerumani na Waaustria wanatumia sheria wanayoiita rechts vor links: anayetoka kulia kwako ana haki, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara pana. Ukiona kibao cha almasi ya njano, hapo ndipo haki ni yako.

Anza safari Jumapili asubuhi. Ujerumani malori ya zaidi ya tani saba na nusu hayaruhusiwi barabarani Jumapili mpaka saa nne usiku, kwa hiyo utakuta barabara kuu imepumua. Maduka yamefungwa siku hiyo, nunua maji na mikate Jumamosi. Uliza pia dada yako likizo ya Pentekoste ya Bavaria inaangukia lini. Wiki zile mbili nusu ya Munich inateremka Italia, na Brenner inageuka maegesho. Wiki ya katikati ya Juni kuendelea ni afadhali, isipokuwa Jumamosi. Na Juni ina zawadi yake: jua Munich linatua saa tatu na robo usiku. Hutalazimika kuendesha gizani hata mara moja, na nakuomba usifanye hivyo.

Kwenye Autobahn, yaani barabara kuu ya Ujerumani, kuna vipande visivyo na kikomo cha mwendo, wanapendekeza 130. Wewe kaa njia ya kulia kwenye 110 au 120, hakuna atakayekuuliza. Njia ya kushoto ni ya kuovateki tu, na kuovateki kwa kulia ni kosa. Kabla ya kuhamia kushoto tazama kioo mara mbili. Gari lililo kwenye 200 wakati wewe uko 110 linakula mita 25 kila sekunde; ukiliona dogo kama nukta mita 250 nyuma, sekunde kumi tu liko mgongoni. Foleni ikianza, fanya kama wenzako: walio njia ya kushoto kabisa wanajibana kushoto, wengine wote wanajibana kulia, katikati inabaki njia ya gari la wagonjwa. Inafanywa magari yanapoanza kusimama, siyo mpaka usikie king'ora. Usipofanya ni euro 200 kwenda juu. Kwangu ni desturi ninayoipenda kuliko zote huku. Nimewahi kuona foleni ya kilomita nzima ikijigawa pande mbili kama nywele zilizopitishwa chanuo, na gari la wagonjwa likapita bila kupunguza mwendo.

Kupigwa tochi huku hakuna trafiki wa kumwomba msamaha. Kamera inapiga, barua inakwenda kwa kampuni ya gari, kampuni inatoa jina lako na kukutoza ada yake juu ya faini. Austria na Italia kuna sehemu wanapima wastani wa mwendo toka kamera moja hadi nyingine, kwa hiyo kufunga breki kwenye kamera hakusaidii kitu. Austria kikomo cha barabara kuu ni 130, lakini ukiona kibao cha 100 chenye herufi IG-L, hicho ni kwa ajili ya hewa na ni cha kweli, hata kama barabara ni tupu na pana.

Kuhusu tozo za barabara nitakwenda haraka. Ujerumani gari dogo halilipi. Austria unanunua vinjeti, ile stika ya ada ya barabara kuu, ya siku kumi, kituo cha mafuta kabla hujavuka mpaka. Ni euro 12 na senti kidogo. Juu yake unalipa kando njia ya mahandaki ya Tauern na lile handaki la Karawanken la kuingia Slovenia, na wakati wa kurudi Brenner, maana vinjeti haiyafikii hayo. Slovenia vinjeti ni ya kielektroniki, ya wiki moja, kama euro 16, inafungwa kwenye namba ya gari: soma namba mara mbili kabla ya kulipa, herufi moja ikikosewa hujanunua. Tena hesabu siku zako: wiki moja inatosha kwa Slovenia, lakini ile ya Austria ya siku kumi ianze siku unayovuka, siyo siku unayokodi gari. Italia unachukua tiketi kwenye kizuizi, unalipa unapotoka. Usiingie njia yenye maandishi ya njano ya Telepass, hiyo ni ya wenye kifaa. Fuata alama ya kadi au ya noti.

Mafuta nayo yana neno. Italia "gasolio" ni dizeli. Nimeshuhudia watu wawili wakijaza gasolio kwenye gari la petroli kwa kuwa neno linafanana na la Kiingereza. Petroli kwao ni "benzina". Usitegemee rangi ya mpira, tazama alama: kote Ulaya petroli iko ndani ya duara, imeandikwa E5 au E10, na dizeli iko ndani ya mraba, imeandikwa B7. Alama hiyohiyo utaiona ndani ya kifuniko cha tangi lako. Duara kwa duara, unajaza.

Sasa Vršič, ambayo kwangu ndiyo safari yenyewe. Barabara yake inapanda mpaka kimo cha mita 1,611, na ina kona 50, zote zimepewa namba. Kila kona ina kibao chenye namba yake na kimo ulichofika. Upande wa Kranjska Gora kona zimetandikwa mawe, zinateleza mvua ikinyesha, na tairi zinapiga mlio wa kukoroma unapozikata. Uondoke Bled saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla pikipiki na baiskeli hazijajaa. Ukipanda, kata kona kwa kutazama juu barabara inakoelekea, siyo kwenye boneti. Ukikutana na mtu mahali pembamba, kwa kawaida anayeshuka ndiye anampisha anayepanda. Ukishuka upande wa Trenta usikae na breki. Otomatiki yako ina namna ya kushusha gia kwa mkono, iweke gia ya pili, injini ilishike gari lenyewe. Madereva wa Kitonga wanajua harufu ya breki iliyoungua. Ukiisikia, simama kwenye uwazi uliopo, zima gari, kaa nusu saa.

Karibu na kona ya nane simama. Upande kuna ngazi zinazopanda kwenye kanisa dogo la mbao lenye vijimnara viwili. Barabara unayopita ilijengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na mateka wa Kirusi waliokamatwa na jeshi la Austria na Hungaria. Machi 1916 theluji ikaporomoka ikawafunika mamia yao, na wenzao waliobaki wakajenga kanisa lile. Ndani pananuka mbao, ni kimya kabisa, na chini unasikia magari yanabadilisha gia. Mimi kila mara nikipita na wageni nasimama hapo, kwa sababu nilikulia nchi ambayo Wajerumani na Waingereza walipigana vita hivyohivyo, na wapagazi waliokufa kwa kubeba mizigo yao hawana hata kona yenye namba. Ukishuka upande wa pili utakutana na Soča, mto wa rangi ambayo sijapata jina lake kwa Kiswahili. Ni kama kioo cha chupa kilichopigwa jua. Ndiyo maana nimekuwekea Bovec usiku mbili.

Italia hofu yako iwe moja tu: ZTL. Ni eneo la mji wa kale ambalo gari lisilo na kibali haliruhusiwi. Alama yake ni duara jeupe lenye mzingo mwekundu, na juu yake kamera. Kibao cha taa kikiandika "varco attivo", kamera iko kazini. Hakuna kizuizi, hakuna askari. Unapita, unazunguka, unapita tena kutafuta maegesho, na kila kupita ni faini yake. Barua inaweza kukufikia karibu mwaka mzima baadaye. Mimi niliwahi kupokea tatu kutoka mji mmoja, zote za dakika kumi na moja za kutafuta hoteli. Kwa hiyo Verona na Trieste chagua malazi yaliyo nje ya ZTL yenye maegesho yake, uwaandikie wakuelekeze njia ya kuingilia, na njia hiyo uichore kwenye daftari usiku. Barabarani, mistari ya buluu ni maegesho ya kulipia, nyeupe ni ya bure, ya njano usiiguse. Venice yenyewe haina barabara za gari. Liache Mestre, panda treni dakika kumi juu ya bahari. Siku kadhaa za Aprili hadi Julai Venice hutoza wageni wa mchana. Anayelala Mestre halipi, ila anatakiwa kujiandikisha kwanza.

Kuna jambo ambalo dada yako Munich huenda hajakuambia, nami sitaki ulikute njiani. Ndani ya Schengen mipaka iko wazi, lakini kwa miaka hii ukaguzi umerudi sehemu nyingi: Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na Italia inakagua upande wa Slovenia tangu Oktoba 2023. Ukiwa mweusi peke yako ndani ya gari, uwezekano wa kuambiwa uingie pembeni ni mkubwa kuliko wa jirani yako. Inauma, na sitakuambia isikuume. Weka pasipoti, leseni zote mbili, mkataba wa gari na karatasi ya hoteli ya usiku ujao kwenye bahasha moja, mahali mkono unafika bila kuinama. Shusha kioo, mikono kwenye usukani, salimia wewe kwanza kwa lugha yao. Pasipoti isibaki hotelini hata siku ya kwenda ziwani tu.

Kuhusu usalama wa mwanamke peke yake, mimi si mwanamke, lakini nimewauliza abiria wangu wengi wanaosafiri hivyo. Wanasema fika kabla ya saa kumi na moja jioni, gari na mlango wa hoteli vionane, mizigo isiache alama nje ya buti, na usilale ndani ya gari kwenye vituo vya barabara kuu. Mpe dada yako mahali ulipo kupitia simu, na mpatane saa moja ya kila jioni ya kusema "nimefika". Nunua laini ya simu Munich; itafanya kazi nchi zote nne bila gharama ya ziada. Wote wananiambia pia kwamba jioni ya tatu upweke unawabana, wakiwa mezani peke yao na sahani. Hapo ndipo pa kutoa daftari, kumaliza kazi ya utingo ya kesho, na kumwuliza mhudumu wa mgahawa barabara ya mbele ikoje. Habari nzuri za njia nyingi nimezipata kwa wahudumu wa namna hiyo.

Mwisho ni lile swali la kaka yako. Mwambie magari mengi ya kukodi siku hizi hayana hata tairi spea, yana dawa ya kuziba tundu na pampu, kwa hiyo hakuna anayetegemea wewe ubadilishe tairi milimani. Namba ya kampuni iandike kwenye karatasi, simu inaweza kuzima. Namba ya dharura ni 112, ni moja nchi zote hizo na ni bure. Kizibao cha rifleksta kisikae kwenye buti, kiweke mfuko wa mlango wako. Tairi likipasuka shika usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki ghafla, liache gari lipungue lenyewe ukiliegesha kulia kabisa, washa hazadi. Vaa kizibao kabla ya kufungua mlango. Toka upande wa abiria, si upande wa magari. Pita ng'ambo ya kingo za chuma, simama kwenye majani, nyuma ya gari lako kule magari yanakotokea, ndipo upige simu. Kaa hapohapo mpaka waje, hata kama ni kwa muda wa saa mbili na kuna manyunyu.